Kivuli cha Ipogolo ni Mali ya Nani?

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Mbeya, akiisha kupanda Kitonga na kuipita Ilula, hufika mahali ambapo barabara kuu hupita chini ya mlima, na mji wa Iringa humtazama kutoka juu. Mahali hapo ndipo Ipogolo. Hapo malori hupumzika, hapo njia ya kupanda mjini hujitenga na barabara kuu, na hapo mto wa Ruaha Mdogo hupita kabla ya kwenda kujiunga na Ruaha Mkuu na kuyapeleka maji yake Mtera. Kando ya mto huo kungali na ukanda wa majani mabichi: miti, matete, na bustani za mboga ambazo wenyeji huziita vinyungu. Mtu akisimama darajani mwezi wa Oktoba, wakati mlima wote juu yake umekauka na kuwa rangi ya udongo, ataona kwamba ukijani huo umebaki karibu peke yake.

Makala haya hayakuandikwa kwa ajili ya kusifu mandhari. Yahusu fedha. Mwulize dalali ye yote wa viwanja, wa Ipogolo au wa kwingineko, akuonyeshe viwanja viwili vyenye ukubwa mmoja, udongo mmoja na umbali mmoja kutoka barabarani. Kimoja kimebanwa na kuta za jirani pande zote, na cha pili chatazama mto na miti. Hatakutajia bei moja. Ukimwuliza sababu, atanyosha kidole kuelekea mtoni na kusema, "Mzee, hapa pana hewa." Neno lake ni la kweli. Walakini lazaa swali ambalo dalali halipwi kulijibu: hewa hiyo kaitengeneza nani? Mwuzaji hakuuchimba mto. Wala ukingo ule haukubaki wazi kwa hisani yake. Umebaki wazi kwa kuwa sheria yakataza kujenga, na kwa kuwa umma umekubali kuuacha. Basi mwuzaji huyo auza kitu chake pamoja na kitu cha watu wote, na bei ya vyote viwili aitia katika mfuko wake mmoja.

Wengi wetu tumezoea kuzihesabu bustani za mji kuwa ni pambo, kama kitambaa cha mezani: kikiwapo ni vizuri, kisipokuwapo watu hula vile vile. Katika vikao vyetu, jambo la uwanja wa wazi huwekwa mwisho wa ajenda, baada ya mengineyo. Hiyo ndiyo fikira tunayotaka kuipinga leo. Uwanja wa wazi ni mali, tena ni mali iongezayo thamani ya mali nyingine. Na kila palipo na mali, hapana budi kuuliza ni nani aifaidiye.

Wataalamu wa uthamini wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu, na njia yao si ngumu kuelewa. Huchukua bei za nyumba nyingi zilizouzwa kweli, wakazilinganisha zile zinazofanana kwa vyumba, kwa umri na kwa ukubwa wa kiwanja, kisha wakatazama tofauti inayobaki kadiri nyumba zinavyokuwa mbali na bustani. Mwaka 2001 Profesa John Crompton wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, huko Marekani, alizipitia tafiti 30 hivi za namna hiyo, akakuta kwamba 25 kati yake zilionyesha bustani imepandisha bei. Kwa nyumba inayogusana na bustani tulivu, alisema kwamba nyongeza ya kiasi cha asilimia 20 ni kadirio la kuanzia lisilo la kupita kiasi. Nyongeza hiyo hupungua upesi. Nyumba iliyo mbali kiasi cha mita 200 hupata sehemu ndogo tu.

Lakini profesa huyo alisema na neno la pili, ambalo watu hupenda kulisahau. Si kila bustani ipandishayo bei. Uwanja wa mpira wenye kelele na taa za usiku waweza kuipunguza bei ya nyumba iliyo ukutani pake, hata kama watoto wa mtaa mzima waupenda. Na bustani iliyoachwa bila mtunzaji, ikawa pori la kutupia taka na maficho ya wakabaji, huwafukuza wanunuzi badala ya kuwavuta. Kwa hiyo thamani haitoki kwa majani peke yake. Yatoka kwa majani yanayofyekwa, njia inayopitika, na taa inayowaka; yaani yatoka kwa mishahara ya wafanya kazi wa Manispaa, ambayo sisi sote twailipa.

Tusizichukue hesabu za Texas tukazibandika Iringa kama stempu. Huko mtu atafuta kivuli kwa sababu ya jua kali. Iringa, iliyo juu kiasi cha mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, ina baridi yake ya Juni na Julai, na upepo wake ambao hauhitaji kuelezwa kwa mtu aliyekwisha lala Gangilonga. Hapa mti huthaminiwa kwa kukinga upepo na vumbi kuliko kwa kivuli. Na ukanda wa kijani wa mtoni huthaminiwa kwa jambo ambalo mzungu wa vitabuni halipigii hesabu: mchicha, nyanya, vitunguu, na mahindi mabichi ya kiangazi yanayouzwa barabarani yakiwa yamechomwa. Hata hivyo, mwelekeo wa bei ni ule ule. Penye kijani kinachotunzwa, mwenye fedha hutangulia.

Kwetu sisi, wala hakuhitaji kutangulia; alitengewa. Mji wa Dar es Salaam ndio mfano ulio wazi. Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walitoa amri ya ujenzi mwaka 1914 iliyougawa mji ule katika sehemu tatu kwa namna ya majengo, na Waingereza wakaurithi mgawanyo huo na kuukaza. Ndipo tukapata Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Katika Uzunguni miti ilipandwa, bustani zikapimwa, na nyumba moja ikapewa nafasi ambayo Kariakoo ingetosha familia nyingi. Na kati ya Kariakoo na maduka ya Uhindini paliachwa uwanja mrefu usiojengwa, ambao sababu yake ilisemwa kuwa ni afya: mbu na maradhi ya Mwafrika yasivuke. Uwanja huo ni Mnazi Mmoja. Jambo la kuchekesha, kama twaweza kucheka, ni kwamba uwanja uliowekwa ili kuwatenga watu ndio uliowakusanya. Mikutano ya TANU ya miaka ya 1950 ilifanyika hapo, na hapo ulisimamishwa mnara wa Mwenge wa Uhuru. Lau pangalikuwa pamepimwa viwanja vya kuuza, watu wangalikusanyika wapi?

Iringa ilifuata mtindo huo huo kwa kipimo chake. Mitaa ya juu, karibu na jiwe la Gangilonga, ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linenalo, ilipewa nafasi na miti. Makorongoni na Mlandege zilipewa watu. Mbeya nayo ina Uzunguni wake chini ya Loleza. Uhuru ulipokuja, rangi ya wakazi wa mitaa hiyo ilibadilika. Nafasi ya miti haikubadilika. Mwenye cheo aliingia katika nyumba ya bwana shauri, akaukuta mjakaranda umekwisha kua.

Juu ya ardhi yenyewe, nchi hii ilichagua njia yake mapema. Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipotaka kuleta umilikaji wa ardhi moja kwa moja, Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu, Mali ya Taifa, akaeleza kwamba katika nchi ya maskini wengi na matajiri wachache, ardhi ikifanywa bidhaa ya soko, maskini watakuwa wapangaji katika nchi yao wenyewe. Mwaka 1963 sheria ilizigeuza hati za umilikaji wa daima kuwa za kupanga kwa serikali kwa miaka 99. Tangu hapo, kwa mujibu wa sheria, ardhi tupu haikuwa na bei. Kilichoweza kuuzwa ni jasho la mtu lililo juu yake, yaani nyumba, kisima, mazao, na miti.

Hapo watu wakaonyesha werevu wao. Mtu alipotaka kuuza kiwanja kitupu, aliuza msingi wa matofali matatu, au aliuza mwembe. Karatasi zilisema mwembe mmoja umenunuliwa kwa fedha ambazo hakuna mwembe duniani ungalizifikia, hata kama ungezaa mara mbili kwa mwaka. Kila mtu alijua, na kila mtu alinyamaza. Mwisho wake ni Sheria ya Ardhi, namba 4 ya mwaka 1999, ambayo ilisema wazi kwamba maslahi katika ardhi yana thamani, na kwamba thamani hiyo ihesabiwe katika kila shughuli inayoyahusu. Ardhi yote ilibaki kuwa ya umma, chini ya udhamini wa Rais. Lakini haki ya kuitumia ikapata bei halali.

Hatusemi kwamba sheria hiyo ilikuwa mbaya. Mwananchi aliyehamishwa ili kupisha barabara alikuwa akilipwa mihogo na miembe yake tu, na ardhi yake ikachukuliwa kama kwamba haikuwapo; sheria ya 1999 ilimpa haki. Lakini angalieni jinsi mambo yalivyogeuka. Zamani mti ulikuwa na bei na ardhi haikuwa nayo. Siku hizi ardhi ina bei, na mti, kwa mnunuzi wa kiwanja, ni kikwazo cha kuondolewa kabla fundi hajapima msingi. Mthamini wa serikali angali na orodha yake ya miti ya kufidiwa. Sokoni, hata hivyo, mwembe umerudi kuwa kuni. Kila mmoja aukata wa kwake, huku akitumaini kwamba jirani hataukata wake, ili dalali aweze kuonyesha kidole upande huo.

Kuna mji mmoja ambao hesabu yake ya jambo hili iliandikwa tangu karne ya kumi na tisa, nao ni New York. Mwaka 1853 serikali ya jimbo iliidhinisha kutwaliwa kwa ardhi katikati ya kisiwa cha Manhattan ili ifanywe bustani kubwa, Central Park. Mtu aliyeichora, Frederick Law Olmsted, alikuwa amekwisha kuona Uingereza bustani ya Birkenhead, iliyofunguliwa mwaka 1847, ambapo halmashauri ya mji ilinunua eka 226, ikafanya eka 125 kuwa bustani, na sehemu iliyobaki ikauzwa viwanja kwa wenye kutaka kuishi kando yake. Bustani iliuza viwanja, na viwanja vikasaidia kuilipa bustani. Olmsted aliichukua hoja hiyo, na kwa miaka mingi wakuu wa bustani ya New York walikuwa wakihesabu kodi za kata tatu zilizoizunguka. Thamani ya mali iliyotozwa kodi katika kata hizo ilikuwa kiasi cha dola milioni 26 mwaka 1856. Kufika mwaka 1873 ilipita dola milioni 230. Si yote iliyoletwa na bustani, kwa maana mji wenyewe ulikuwa ukikua kwa kasi; lakini wakuu wale waliitumia hesabu hiyo kuwanyamazisha walionung'unikia gharama, na walifaulu.

Hesabu hiyo haikuandika jambo moja. Mahali palipofanywa bustani palikuwa na kijiji kiitwacho Seneca Village. Tangu mwaka 1825 Waamerika Weusi waliokuwa huru walikuwa wamenunua viwanja huko, wakajenga nyumba, makanisa na shule. Katika miaka ya 1850 walikuwapo watu kiasi cha 225, wengi wao Weusi, pamoja na Waairishi na Wajerumani kadhaa. Sheria ya New York ya wakati ule ilimkataza mtu Mweusi kupiga kura asipokuwa na mali ya dola 250, sharti ambalo Mzungu hakuwekewa. Kwa hiyo kiwanja cha Seneca Village hakikuwa kiwanja tu, kilikuwa kura. Mwaka 1857 wakazi wote walikuwa wamekwisha ondolewa. Walilipwa fidia, kwa kipimo cha ardhi kabla ya bustani. Ile nyongeza iliyokuja baada ya bustani iliwafikia watu wengine.

Jirani zetu wa Kenya waliliona jambo hili kwa sura nyingine. Mwaka 1989 ilitangazwa kwamba katika Bustani ya Uhuru, Nairobi, litajengwa jumba la ghorofa 60, makao ya chama tawala cha wakati ule na gazeti lake. Sisi waandishi wa magazeti ya chama tunapaswa kulikumbuka jambo hilo kwa unyenyekevu. Profesa Wangari Maathai alipinga, akatukanwa Bungeni, na mwishoni wenye fedha wakajitoa. Miaka kumi baadaye vita vilihamia msitu wa Karura, wenye hekta zaidi ya 1,000 kaskazini ya mji, ambao sehemu zake zilikuwa zimegawiwa wajenzi binafsi. Tarehe 8 Januari 1999, Maathai na wenzake walipigwa na walinzi walipokwenda kupanda mti. Msitu ulipona. Leo watu hutembea humo kwa kiingilio, na ni mahali pazuri kweli. Lakini mwangalieni jirani wa Karura ni nani: ni Muthaiga, ni Runda, ni Gigiri, mitaa ya wenye nacho. Msitu ulipiganiwa kwa niaba ya wote, na ni haki kwamba ulipiganiwa. Thamani yake ya kila siku, ile iingiayo katika bei ya nyumba, imewaangukia zaidi waliokuwa na ukuta kando yake tangu mwanzo.

Mambo ya Dar es Salaam yako karibu zaidi na haya ya Ipogolo, maana huko pia kuna mto na bonde. Mpango wa mji wa mwaka 1949 ulitaka mabonde ya vijito yaachwe wazi ili hewa ya baharini ipenye. Bonde la Msimbazi liliachwa, kisha likajaa polepole: watu walijenga huko kwa kuwa ndipo mahali pekee karibu na kazi palipokuwa na bei wanayoiweza. Bei ilikuwa ndogo kwa sababu ya hatari. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na waliookoka wakapewa viwanja Mabwepande, mbali kutoka soko walilolitegemea. Desemba 2015 matingatinga yaliingia bondeni. Hapo katikati, karakana ya mabasi ya mwendo kasi ilijengwa Jangwani, bondeni humo humo, na maji yakaizamisha zaidi ya mara moja. Yaelekea mto hausomi vibali. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao pamoja na daraja jipya na kuupanua mto, umekusudia kulifanya bonde kuwa bustani kubwa ya jiji. Ni mradi unaofaa. Lakini mtu na aangalie mfuatano wake. Bonde lilipokuwa la hatari, lilikuwa la maskini. Likiisha kuwa bustani, viwanja vya ukingoni vitakuwa vya nani?

Hapo ndipo twaifikia Ipogolo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu laki mbili na zaidi kidogo katika Manispaa ya Iringa, toka laki moja na nusu hivi miaka kumi kabla yake. Mlimani nafasi imekwisha, mji washuka. Stendi kuu ya mabasi imekwisha shuka Igumbilo, jirani na Ipogolo, na penye stendi hufuata nyumba za wageni, maghala na vyumba vya kupangisha. Mtambo wa maji ya mji uko Ndiuka, hapo hapo mtoni. Kila dalili yaonyesha kwamba ukanda ule wa kijani, ambao leo mwenye fedha auona kuwa ni mahali pa mbu na matope, utakuwa mahali pa kutamaniwa. Kabla ya bei kupanda, kila jambo laweza kuamuliwa kwa mkutano. Baada ya kupanda, huamuliwa kwa wakili.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 57, yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria nzuri, na kila mtu huitaja. Ila mita 60 zisizo na vigingi ni kama mpaka uliochorwa juu ya maji. Mwaka huu mtu huweka banda la kuku. Mwaka ujao ni ukuta. Mwaka wa tatu ni nyumba, na mwenye nyumba ana risiti ya umeme mkononi. Vigingi vikipandwa leo vyaonekana na kila mpitaji, mnunuzi hawezi kusema hakujua, na dalali hawezi kuuza kile kilicho ndani yake. Kati ya kigingi na kigingi ipite njia ya miguu iliyo wazi kwa watu wote, kwa kuwa njia itumiwayo kila siku na watoto wa shule hujilinda yenyewe kuliko waya.

Yako maneno ya kusema juu ya vinyungu. Wako wataalamu watakao kuviondoa vyote, wakapande miti mahali pake na kuweka viti. Hatukubaliani nao kabisa. Kulima hadi ukingoni na kunyunyiza dawa za wadudu karibu na maji yanywewayo na mji ni kosa, na lazima likomeshwe. Lakini bustani ya mboga iliyo nje ya mstari, inayolimwa kwa mkono na mama ambaye amesomesha watoto kwa mchicha wake, ni kijani vile vile. Tena ni kijani kisichodai mshahara wa bwana bustani. Ukimwondoa mama huyo ukaweka viti, umemfanyia yale yale ya Seneca Village, ingawa kwa heshima kidogo. Na palipo miti ya kupandwa, ipandwe mivengi na mizambarau ipendayo maji na kuyatunza, si mikaratusi, ambayo sisi watu wa nyanda za juu twajua vizuri kiu yake.

Ipo hoja nzito zaidi, nayo hutoka kwa wapangaji. Mfanya kazi apangaye chumba kimoja Ipogolo aweza kusema: ninyi mnasifu bustani, lakini bustani ikija mwenye nyumba atapandisha kodi, nami nitahamia mbali zaidi, heri mto uendelee kuwa mchafu, nipate kukaa. Hoja hii si ya kijinga. Sheria ya zamani iliyozuia upandishaji wa kodi za nyumba ilikwisha futwa, na mpangaji hana ngao. Wala jibu si kumwambia apende mazingira. Jibu liko katika asili yenyewe ya bei. Nyumba iliyo kando ya bustani huwa ghali kwa kuwa bustani ni moja na watu ni wengi. Mji wenye bustani moja nzuri sana umetengeneza mtaa mmoja ghali sana. Mji wenye uwanja mdogo wa miti katika kila mtaa, Kihesa, Mwangata, Kitwiru, Mtwivila na Ipogolo, hauna kitu cha pekee cha kuuza. Kila mtu anacho. Kwa hiyo fedha za Manispaa zikiwa chache, yafaa zigawanywe katika viwanja vingi vidogo, hata kama haviwezi kupigwa picha za kuvutia kama bustani moja kubwa yenye chemchemi na taa za rangi.

Tena iko kodi. Sheria ya Ardhi yataka kodi ya ardhi ipangwe kwa kuangalia, pamoja na mambo mengine, thamani ya ardhi sokoni. Hilo lamaanisha kwamba yule ambaye mto wa umma umempandishia kiwanja, angerudisha sehemu kwa umma. Kodi ya majengo, hata hivyo, ilikwenda njia nyingine. Tangu Agosti 2021 ilianza kukatwa mtu anunuapo umeme wa LUKU: shilingi 12,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, na 60,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mjini, Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ikavipandisha viwango hivyo kuwa 18,000 na 90,000. Njia hiyo ina sifa yake, kwa kuwa hakuna akwepaye na hakuna karani wa kuhongwa. Lakini mita ya umeme haina macho. Nyumba isiyo ya ghorofa, yenye bustani na bahari mbele yake huko Oyster Bay, iliwekwa katika fungu moja na nyumba ya matofali ya kuchoma iliyo nyuma ya gereji ya malori Ipogolo. Na mara nyingi anunuaye umeme si mwenye nyumba, ni mpangaji. Basi mpangaji alipa kodi ya jengo lisilo lake, kwa kiwango kisichotazama bustani, kisha alipa na pango lililopandishwa kwa sababu ya bustani hiyo hiyo. Wabunge wetu watakapoifikia tena sheria hiyo ya fedha, hapo pana kazi ya kufanya kuliko kubishana juu ya senti za soda.

Kwa sasa kuna jambo lisilongoja Bunge. Kila eneo lililopimwa lina mchoro wake wa mipango miji, na mchoro huo si siri; mwananchi aweza kwenda katika ofisi ya ardhi ya Manispaa akaomba kuonyeshwa. Viwanja vya wazi hupakwa rangi ya kijani. Mtu akitaka kukigeuza kiwanja cha wazi kuwa cha nyumba au duka, sheria yataka jambo hilo litangazwe na wenye pingamizi wasikilizwe. Matangazo hayo hubandikwa, na watu huyapita wakienda kununua vocha. Mabalozi na wajumbe wa mitaa ya Ipogolo na Ndiuka wangefanya vema kwenda pamoja, siku ya kazi, asubuhi, wakauomba mchoro wa kwao, wakanakili namba za viwanja vyote vinavyopakana na kijani kutoka darajani hadi mtamboni, kisha wakarudi na karatasi hiyo wakatembea ukingoni kwa miguu, wakitazama ni namba ngapi kati ya hizo ambazo ukuta wake umekwisha uvuka mstari.